Mpatanishi Asiye na Mamlaka

Katika mahakama nyingi za mahakimu nchini Kenya, kuna namna ya kesi kufa ambayo makarani wameizoea. Siku ya kusikizwa inafika, mlalamishi anasimama, anasema kwamba wamezungumza nyumbani na mambo yamekwisha, kisha anaomba kuiondoa kesi. Hakimu anamuuliza kama amelazimishwa. Anajibu kuwa la, ni hiari yake. Ikiwa kosa ni la kushambulia kwa kawaida, au jingine dogo la mtu na mtu, kifungu cha 176 cha sheria inayosimamia mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza maelewano, na faili inafungwa. Kile asichoweza kukiona akiwa pale juu ni kikao chenyewe cha nyumbani: nani alikiitisha, nani aliongea saa mbili na nani alitakiwa kuitikia tu mwishoni, pesa zilipitia mikono ya nani, na kama yule aliyepigwa aliulizwa swali lolote kabla ya kukumbushwa kwamba mshtakiwa ni mtoto wa jirani na kwamba jela haijawahi kumjenga mtu.

Husemwa mara kwa mara, na semina za hotelini za kulisema hazijakosekana, kwamba tunahitaji wapatanishi zaidi ili kupunguza mlundikano wa kesi na msongamano magerezani. Siamini kwamba tuna uhaba wa wapatanishi. Hakuna kijiji kisicho na wazee, chifu na naibu wake, kiongozi wa Nyumba Kumi, padri au imamu, na wote hao husuluhisha kila wiki bila kuombwa mara mbili. Kinachokosekana ni mpatanishi wa aina nyingine: mtu aliyejitolea, aliyefunzwa kazi hiyo na anayesimamiwa na ofisi, ambaye huonana na aliyeumizwa peke yake kabla ya kikao chochote, na ambaye hana uwezo wa kumwamuru wala kumwadhibu yeyote kati ya wawili walio mbele yake. Sharti hilo la mwisho ndilo hubishaniwa zaidi, na ndilo nitakalolitetea.

Sheria zenyewe zipo. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inazitaka mahakama zikuze maridhiano, upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za kimsingi. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inamtambua mwathiriwa kama mtu mwenye haki ya kushiriki upatanisho na mkosaji wake akitaka. Agosti 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, iliyoandaliwa na jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inaruhusu kesi ya mtoto kuondolewa kwenye mkondo wa mashtaka, na kumkutanisha na aliyemkosea ni mojawapo ya njia zilizotajwa humo. Hata kimataifa hatuko gizani: kanuni zilizopitishwa na Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa mwaka 2002 zinasema pande zote mbili zikubali kwa hiari na ziwe huru kujitoa wakati wowote. Karatasi hizo zote, hata hivyo, haziketi na watu. Anayeketi nao ni mtu fulani, na sheria hizi zimesema machache mno kuhusu awe nani.

Kwa sasa huwa mzee, na wazee sina nia ya kuwadharau. Wamezuia damu isimwagike mahali ambapo kituo cha polisi kiko mbali na gari la polisi halina mafuta, na wengi wao hawapati hata nauli. Ila kila chombo hufanya kazi kilichoundiwa, na baraza la wazee liliundwa kulinda amani kati ya koo, familia na majirani. Tanzania iliandika jambo hilo bila kuficha: Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 inalitaja jukumu la msingi la baraza kuwa ni kuleta amani na utulivu katika eneo lake kwa kusuluhisha migogoro. Ni lengo jema, lakini kinachopimwa ni utulivu wa eneo. Eneo linaweza kutulia kabisa huku mtu mmoja ndani yake akilala macho.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika kumbukumbu za Mahakama Kuu ya Nairobi. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe, kwa ombi la upande wa mashtaka wenyewe, baada ya familia ya marehemu na ya mshtakiwa kuafikiana, ngamia na mbuzi wakiwa wamelipwa na mila za maridhiano zikiwa zimetimizwa. Miaka mitatu baadaye jaji mwingine alikataa ombi linalofanana na hilo katika kesi nyingine ya mauaji. Wanasheria wamebishana sana kuhusu mipaka ya ibara ya 159 katika maamuzi hayo mawili. Mimi huona ndani yake jambo la karibu zaidi. Aliyeuawa hawezi kukubali wala kukataa, kwa hiyo waliopatanishwa ni walio hai, yaani familia mbili. Katika mauaji hilo halikwepeki. Kosa letu ni kuuhamisha utaratibu huo, na viti vyake vyote, hadi kwenye makosa ambayo aliyeumizwa yu hai, ana ulimi na ana maoni yake, na bado anasemewa na wajomba kana kwamba naye amezikwa.

Mtindo wa kisasa wa kumkutanisha mwathiriwa na mkosaji hutajwa kuwa ulianzia Elmira, mji mdogo katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili waliolewa walizunguka usiku mmoja wakipasua matairi, wakivunja vioo na kuharibu mali ya watu 22. Mark Yantzi, afisa wa probesheni aliyekuwa muumini wa kanisa la Mennonite, alipendekeza kwa jaji kwamba vijana hao wakaonane na waliowaharibia. Yeye na mwenzake Dave Worth waliwapeleka mlango kwa mlango, na baada ya miezi michache fidia ilikuwa imelipwa. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushindi, na si bure. Miongo kadhaa baadaye mmoja wa vijana hao, akiwa mtu mzima chuoni, alisikia kesi yake ikitajwa darasani kama chanzo cha harakati nzima, akaenda kujitolea kuwa mpatanishi katika shirika la mji wa Kitchener lililozaliwa kutokana na kisa hicho. Ila kwa vipimo vya leo kazi ile ilifanywa ovyo. Waathiriwa walibishiwa hodi bila kutayarishwa. Walifungua milango wakawakuta waliowavunjia vioo wamesimama barazani, nyuma yao watu wawili wenye daftari. Hakuna aliyekuwa amewauliza kama wangependa kuwaona. Ujuzi wote uliofuata duniani katika kazi hii ni, kwa sehemu kubwa, jitihada za kurekebisha dakika ile ya mlangoni.

Marekebisho hayo yanaonekana vizuri tukiitazama kesi moja ndogo hatua kwa hatua. Tuseme kijana wa miaka 16 amevunja kibanda cha mama anayeuza bidhaa ndogondogo, akachukua sukari, mafuta ya kupikia na simu ya kazi ya M-Pesa. Mpatanishi mara nyingi huanza na mkosaji, kwa sababu ya busara: asije akamtonesha mwathiriwa kidonda halafu kijana akagoma. Anamwendea pamoja na mzazi wake, anamsikiliza mpaka mwisho, na anapima kama anakubali kweli alichofanya au anatafuta wa kumbebesha. Anayesema alifuata wenzake tu, au kwamba mama yule alikuwa mkali kwa watoto, bado hajawa tayari kuketi mbele yake. Kisha anauliza jambo ambalo vikao vya nyumbani hulikwepa: utalipa kwa pesa za nani? Ikiwa jibu ni la baba, basi atakayeadhibiwa ni baba. Kazi ya kutafuta namna kijana atakavyochangia kwa jasho lake inaanza hapo, kabla ya mtu yeyote kutaja kiasi.

Kwa mama, mpatanishi anakwenda saa anayoichagua yeye mwenyewe, si jioni wakati wateja wamejaa, na haongozani na chifu. Jambo la kwanza analomwambia ni kwamba anaweza kukataa, kesi itaendelea kama kawaida, na hakuna atakayelaumiwa. Analisema tena kabla ya kuondoka. Halafu anamuuliza angependa kujua nini kutoka kwa yule kijana. Wanaodhani jibu huwa ni pesa hawajakaa na watu walioibiwa. Mtu hutaka kujua kama alikuwa akichunguzwa, nani alimwonyesha kijana mahali simu inapofichwa, kama alijua kwamba ndani mlikuwa na mtoto amelala, kama atarudi. Baada ya hapo ndipo wanapanga mambo yanayoonekana madogo: kikao kiwe wapi, nani atamsindikiza, nani akae karibu na mlango, nani atangulie kutoka wasije wakakutana stendi. Kikao chenyewe huenda kikachukua saa moja. Makubaliano yanaandikwa kwa kiasi, tarehe, nambari ya simu ya kutumiwa pesa, na hatua itakayofuata mwezi mmoja ukipita bila malipo. Mwezi huo ukiisha, mpatanishi anapiga simu kuuliza. Yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha wazee atatambua kwamba karibu hakuna lolote kati ya haya hufanyika huko, na si kwa ubaya wa mtu. Hakuna aliyefunzwa kulifanya.

Je, jitihada yote hii inaleta faida? Ushahidi uliopo ni mzuri kuliko ule wa sera nyingi za haki jinai, ingawa hausemi kila kitu ambacho mashabiki wake husema. Mwaka 2013 Heather Strang, Lawrence Sherman na wenzao walichapisha mapitio ya majaribio 10 ambamo kesi ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikapelekwa kwenye kikao cha ana kwa ana na nyingine zikafuata njia ya kawaida. Wakosaji walikuwa 1,880. Waliopitia vikao walirudia makosa mara chache kuliko wenzao, kwa tofauti ya kiasi tu. Uchunguzi wa Joanna Shapland na wenzake nchini Uingereza ulikuta asilimia 85 ya waathiriwa walioshiriki wakiridhika na kikao, na idadi ya makosa ya kurudia ikiwa imeshuka kwa asilimia 14. Katika jaribio la London lililohusu wizi wa nguvu na uvunjaji wa nyumba, waathiriwa waliobaki na dalili nzito za mshtuko wa akili walikuwa pungufu kwa karibu nusu wakilinganishwa na wale ambao hawakuketi kikaoni. Kwangu takwimu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, maana faida kubwa imekwenda kwa aliyeumizwa, wakati sisi huuza wazo hili kwa hoja ya magereza na mkosaji.

Kuna tahadhari mbili ambazo sipendi zipite kimyakimya. Kwanza, majaribio mengi kati ya hayo yaliendeshwa na maafisa wa polisi waliofunzwa hasa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hayathibitishi moja kwa moja kwamba mtu wa kujitolea angepata matokeo yaleyale. Pili, matokeo hayakuwa sawa kila mahali: majaribio ya Canberra, Australia, yaliyofanywa miaka ya 1990, yalionyesha nafuu kubwa kwa vijana wenye makosa ya kutumia nguvu, na hali mbaya zaidi kwa baadhi ya wakosaji wa jamii za wenyeji asilia. Walipoketishwa mbele ya afisa wa dola ambayo jamii yao imeiogopa kwa vizazi, kikao kikawa jambo jingine kabisa. Naichukua tahadhari hii ya pili kama jibu la ile ya kwanza. Sura ya anayeongoza kikao inahesabika, na katika nchi ambayo watu wengi hukwepa macho ya polisi barabarani, sare haiwezi kuongoza mazungumzo ya namna hii.

Nchi za Skandinavia na jirani yao Ufini zilifikia uamuzi wa kutumia raia wa kawaida kwa njia yao wenyewe. Mwaka 1977 Nils Christie, msomi wa Norwei, aliandika makala iliyodai kwamba mawakili na dola wamewapokonya watu migogoro yao, na kwamba wataalamu wakikabidhiwa upatanisho wataupokonya vilevile. Mradi wa kwanza wa Norwei ulianza 1981, ukawekewa sheria 1991, na hadi leo vikao vinaongozwa na raia wanaoteuliwa kwa muda na kulipwa posho ndogo. Ufini ilianza katika mji wa Vantaa mwaka 1983, na tangu Januari 2006 sheria inataka huduma hiyo ipatikane nchi nzima bila malipo. Wapatanishi wake wa kujitolea wanazidi elfu moja. Uamuzi wa kesi ipi ipokelewe hauko mikononi mwao: ofisi yenye watumishi wa kuajiriwa ndiyo inayopokea kesi kutoka kwa polisi au mwendesha mashtaka, inahakikisha mtuhumiwa anakubali mambo ya msingi yalivyotokea, inapima kama kesi inafaa, ndipo inamkabidhi mpatanishi. Raia anakuja na masikio na ujirani wake. Mlango wa kuingilia na wa kutokea unashikwa na ofisi.

Mpangilio huo unajibu pingamizi ambalo kwetu hutolewa kwanza, la kitu kidogo. Mtu asiyelipwa, watu husema, atajilipa mwenyewe. Rwanda inatoa funzo hapa kwa ukubwa ambao nchi nyingine haijaufikia. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza karibu kesi milioni mbili za mauaji ya kimbari ya 1994 zikiongozwa na inyangamugayo, raia waliochaguliwa na majirani zao na ambao hawakuwa na mshahara. Bila wao mahakama za kawaida zingehitaji vizazi kadhaa. Hata hivyo, ripoti ya Human Rights Watch ya 2011 ilitaja malalamiko ya hongo na ya shinikizo kwa mashahidi. Inyangamugayo walikuwa waamuzi: waliweza kumfunga mtu au kumwachilia. Hata Abunzi, kamati za upatanisho zilizoanzishwa Rwanda mwaka 2004, hutoa uamuzi pande mbili zisipoafikiana. Palipo na uamuzi pana bidhaa, na palipo na bidhaa mnunuzi hafichiki. Mpatanishi asiyeweza kuamua lolote hana cha kuuza isipokuwa shinikizo, na shinikizo hugunduliwa kirahisi zaidi kuliko bahasha. Wapatanishi wakienda wawiliwawili, na afisa wa ofisi akimpigia mwathiriwa baadaye kumuuliza kama alihisi kusukumwa, nafasi ya kuficha inapungua sana. Haiishi kabisa, lakini hata hakimu mwenye mshahara mzuri hatujapata dawa yake.

Wanaosema kujitolea ni njia ya serikali kupata kazi ya bure wana hoja nzito kuliko ya hongo, na sioni jibu jepesi. Mpango kama huu ukianzishwa bila bajeti, watakaobaki baada ya miezi sita ni wastaafu wenye pensheni na wanasiasa wa mtaani wanaotafuta jina. Mama wa kibandani, ambaye angeielewa kesi ya mama mwenzake kuliko mtu yeyote, hatapatikana, kwa sababu asubuhi moja bila kufungua ni hasara. Kwa hiyo nauli, muda wa maongezi, chakula cha mchana na bima ya ajali si hisani. Usalama pia una gharama. Kenya tayari ina raia wanaosaidia idara ya probesheni vijijini, mpango uliojengwa kwa mfano wa hogoshi wa Japani, raia wa huko wanaowasimamia waliotoka gerezani. Mwaka 2024 hogoshi mmoja katika mji wa Otsu aliuawa, na mtu aliyekuwa chini ya usimamizi wake akakamatwa. Nchi yenye utaratibu uliokomaa kiasi hicho ililazimika kujiuliza upya iwapo ilikuwa sawa kuwaacha watu wa kujitolea wakutane na wateja wao nyumbani, wakiwa peke yao. Sisi tunaoanza tusingoje msiba ndipo tutafute chumba.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni lile la mashirika ya wanawake, hasa ya kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako neno maslaha limekuwa likimaanisha wasichana waliobakwa kuona kesi zao zikimalizwa na wazee kwa mifugo iliyopokewa na wanaume wa familia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mashirika haya yana kila sababu ya kushtuka mtu akija na semina mpya ya upatanisho. Jibu langu ni kuwapa wanachotaka bila kupunguza. Ubakaji, unajisi wa watoto na ukatili wa ndani ya ndoa visiwemo katika orodha ya makosa yanayoweza kupelekwa kwa mpatanishi wa kujitolea, na hilo liandikwe kwenye kanuni badala ya kuachiwa busara ya mtu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 ilishaondoa mikononi mwa familia uamuzi wa kusitisha mashtaka, na leo uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wapo watakaosema kwamba kuna wanawake wanaotamani kumkabili aliyewatendea, na kwamba kuwazuia ni kuwaamulia. Ni kweli wapo. Lakini tazama Ufini: kesi za ukatili wa nyumbani zinaweza kupendekezwa kwa upatanisho na polisi au mwendesha mashtaka tu, wapatanishi ni watu waliofunzwa, usimamizi ni wa serikali, na bado mjadala wa kama jambo hilo liruhusiwe haujapoa kwa miaka mingi, na wataalamu wa Baraza la Ulaya wamelikosoa. Kama wao wanasitasita wakiwa na vyote hivyo, sisi ambao dawati la jinsia mara nyingi ni meza moja kwenye ukumbi wa kituo hatuna haraka yoyote.

Ipo hofu kwamba mkosaji atakuja kuigiza majuto ili apunguziwe adhabu. Wengine wataigiza, kama wanavyofanya kizimbani kila siku. Tofauti ni kwamba kizimbani anamwigizia hakimu asiyemjua, na hapa anamwigizia mtu aliyemvunjia mlango, anayeweza kumkatiza na kumuuliza. Tena hakuna sheria ya maumbile inayosema kikao lazima kifute kesi. Katika sehemu kubwa ya uchunguzi wa Uingereza nilioutaja, kikao kiliongezwa juu ya hukumu bila kuchukua nafasi yake, na baadhi ya wakosaji walikuwa tayari gerezani. Tukianza hivyo kwa makosa ya watu wazima, mwenye nia ya kukwepa jela hatakuwa na sababu ya kuja, na kwa watoto pekee ndio tungeruhusu makubaliano yasimamishe mashtaka.

Kuhusu pesa, ninakubaliana na wanaoshuku kwa zaidi ya nusu ya njia. Palipo na tofauti kubwa ya kipato, fidia inageuka bei. Mwenye gari aliyemgonga mwendesha bodaboda kwa makusudi anaweza kulipa leo na kurudia kesho, na mwendesha bodaboda mwenye kodi ya nyumba iliyochelewa hana nguvu ya kukataa. Kanuni inayowezekana ni kwamba kiasi kilingane na hasara iliyothibitishwa, kilipwe kwa aliyeumizwa kwa jina lake, si kwa baba yake wala kwa ukoo, na kisomwe mbele ya hakimu kabla ya kukubaliwa. Bado tajiri atakuwa na nafasi nzuri zaidi, kama alivyo nayo mahakamani akiwa na mawakili watatu. Tofauti ninayoweza kuitetea ni kwamba katika kikao kilichoandaliwa vizuri atalazimika kumsikiliza yule mwingine kwa saa moja bila wakili wa kumsemea.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni mahakama za watoto katika kaunti mbili au tatu, zikishirikiana na idara ya probesheni ambayo tayari ina raia wanaojitolea na maafisa wa kuwasimamia. Machifu, wagombea wa vyeo na wazee wa ukoo wa upande wowote wasiteuliwe kwa kesi za eneo lao. Anayetaka kujitolea afunzwe kwanza, akae vikao kadhaa akitazama bila kusema, na hata akishakubaliwa aendelee kukaguliwa. Wazee wasifukuzwe. Wabaki na migogoro ya mipaka, malisho na urithi ambayo wanaijua, na wale wanaokubali kuvua mamlaka yao mlangoni wakaribishwe darasani kama wengine.

Halafu kila ofisi iandike kitu ambacho ripoti za miradi hii hazipendi kukionyesha. Idadi ya makubaliano yaliyotiwa saini itaandikwa tu, kwa sababu ndiyo inayofurahisha wafadhili. Mimi ningetaka kuona safu ya waathiriwa waliosema hapana: wangapi walikataa walipoendewa mara ya kwanza, wangapi walijitoa katikati, na kesi zao zilikwenda wapi baadaye. Nchini Uingereza na kwingineko waathiriwa wengi hukataa, na mradi hauhesabiwi kuwa umeshindwa. Ofisi ya kaunti itakayopeleka Nairobi ripoti ya mwaka mzima isiyo na hata mwathiriwa mmoja aliyekataa ndiyo ya kwanza kutembelewa na wakaguzi.